Muhogo wa Southall: Siku ya Mwisho ya Likizo London

Siku ya mwisho ya likizo mjini ni ngumu kuitumia. Pesa zimepungua, miguu imechoka, na kila mtu ana orodha ya vitu ambavyo bado hajavinunua. Wengi huimalizia Oxford Street na kurudi nyumbani na fulana zenye picha ya basi jekundu. Sisi wanachama sita tulikuwa London kwa siku nne mwishoni mwa Agosti, na basi letu la kurudi chuoni lilikuwa liondoke Victoria saa mbili usiku. Mkononi tulikuwa na siku nzima, pauni 60 za mfuko wa chama, na agizo moja la kamati: karamu ya kuwakaribisha wanachama wapya mwezi wa Oktoba isiwe tena ya tambi na maharage ya makopo.

Tukapanga mambo mawili. Asubuhi tutembee kwa miguu mahali penye miti na maji, kwa kuwa siku tatu tulikuwa tumekanyaga lami tu. Mchana tununue vyakula ambavyo katika mji wetu wa chuo hata ukivitafuta kwa tochi huvioni: muhogo, ndizi za kupika, bamia, mbaazi, ukwaju. Mahali panapotimiza yote mawili kwa nauli moja ya treni ni Southall.

Tunaieleza siku hiyo hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwanachama yeyote anaweza kuifuata njia yetu bila gharama kubwa. Ya pili ni nzito zaidi: katika maduka ya Southall tulikikuta Kiswahili ambacho hakimo katika vitabu vyetu vya darasani, kinachosemwa na watu wanaozidi kupungua kila mwaka.

Kupanda ngazi za maji

Southall iko magharibi mwa London, katika wilaya ya Ealing, kwenye njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Heathrow. Reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022, hukufikisha huko kutoka Paddington kwa muda usiofika nusu saa. Sisi tulishuka stesheni moja kabla, Hanwell, ili tuingie Southall kwa miguu.

Asemaye kwamba London hakuna mlima hakosei, na anayetaka Kilimanjaro asije huku. Lakini kuna bonde la mto Brent, na juu ya bonde hilo limesimama daraja la reli la matofali lenye matao manane, liitwalo Wharncliffe. Lilijengwa na mhandisi Isambard Kingdom Brunel na kukamilika mwaka 1837, akiwa kijana wa miaka thelathini na ushee. Treni za leo bado zinapita juu yake, na ndani ya nguzo zake zenye uwazi wanaishi popo. Tulisimama chini ya tao mojawapo, treni ikapita juu ya vichwa vyetu, na mngurumo wake ukashuka taratibu kwenye matofali kama radi iliyo mbali.

Kutoka hapo tuliufuata mto Brent hadi unapokutana na mfereji wa Grand Union. Mfereji huu ulichimbwa miaka ya 1790 ili matishali yabebe makaa, matofali na nafaka kati ya London na miji ya viwanda ya kaskazini. Njia ya miguu iliyo kando yake ndiyo waliyopita farasi wakiyavuta matishali hayo kwa kamba. Leo ni njia ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, na mwezi wa Agosti vichaka vyake vya miiba vimejaa matunda madogo meusi ambayo mpita njia huchuma apendavyo. Tulichuma, tukala, vidole vikageuka zambarau.

Hapo Hanwell ndipo unapopata mpando. Mfereji unapanda takriban mita 16 kwa malango sita ya maji yaliyofuatana. Kila lango ni chumba chenye milango miwili. Chombo kikiingia chumbani, mlango wa nyuma hufungwa, maji huachiwa kutoka juu, chombo huinuka taratibu kama kopo kwenye ndoo inayojazwa, kisha mlango wa mbele hufunguliwa. Hakuna mtambo wa umeme. Anayefungua ni mtu, kwa kusukuma boriti nene kwa mgongo. Tulikuta mume na mke wazee wakipandisha mashua yao, tukaomba tuwasaidie. Lango la kwanza tulisukuma kwa kelele nyingi na mlango haukusogea hata inchi. Mzee akatuonyesha kwamba nguvu hazifai kitu mpaka maji ya pande mbili yawe sawa. Yakishalingana, mtu mmoja anatosha.

Upande mmoja wa njia kuna ukuta mrefu wa matofali. Ni ukuta wa iliyokuwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Hanwell, iliyofunguliwa mwaka 1831. Huko ndiko daktari John Conolly, kuanzia mwaka 1839, alikoacha kuwafunga wagonjwa kwa minyororo na mikanda, jambo ambalo wakati huo wengi waliliona ni wazimu zaidi ya wazimu wenyewe. Ukutani bado linaonekana tao lililozibwa, ambamo matishali yalikuwa yakiingiza makaa.

Juu kidogo ya malango hayo kuna kitu ambacho kwa macho yetu kilikuwa kizuri kuliko vyote tulivyoviona mjini kwa siku nne. Wenyeji hupaita Three Bridges, yaani madaraja matatu. Chini kabisa inapita reli. Juu ya reli unapita mfereji, ndani ya hodhi la chuma. Juu ya mfereji inapita barabara ya magari. Njia tatu zimepandana mahali pamoja, na kila moja inakwenda zake bila kuigusa nyenzake. Nayo ni kazi ya Brunel, mojawapo ya kazi zake za mwisho, iliyomalizika mwaka 1859, mwaka huo huo aliofariki.

Tulikaa hapo tukinywa chai ya chupa. Mwenzetu mmoja, ambaye babu yake alikuwa karani wa reli mjini Voi, akasema jambo lililotufungulia sehemu ya pili ya siku. Nchi iliyojenga reli hii, alisema, ndiyo iliyojenga ile ya Mombasa, na bila ile ya Mombasa, Southall tunayokwenda isingekuwa kama ilivyo.

Kutoka Mombasa hadi Broadway

Ni kweli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kulifikia Ziwa Victoria, mahali palipo Kisumu ya leo, Desemba 1901. Serikali ya Uingereza iliwachukua kwa mkataba vibarua na mafundi takriban 32,000 kutoka India, wengi wao wa Punjab. Karibu 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, lakini wapatao 6,700 walibaki, na wengine wengi wakawafuata baadaye kwa hiari yao: waashi, maseremala, wahunzi, makarani, wenye maduka. Kiswahili kikawapa Masingasinga jina lao, na fundi Kalasinga akawa mtu anayejulikana kila mji wenye gereji. Abdulrazak Gurnah amempa jina hilo fundi makanika katika riwaya yake *Paradise* ya mwaka 1994.

Uhuru ulipokuja, wengi wao walishika pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za kuwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi na leseni za biashara, na familia nyingi zikaanza kufunga masanduku. Uingereza nayo, kwa kuhofia wingi wao, ilipitisha bungeni kwa siku tatu tu sheria ya kuwazuia, ikaanza kutumika Machi 1968. Mwenye pasipoti ya Uingereza aliyezaliwa Nairobi akajikuta hana pa kwenda ila kwa foleni. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Wapatao 28,000 walipokewa Uingereza.

Wengi wa hao walioondoka Afrika Mashariki walifikia Southall. Hapo palikuwa na Wapunjabi tangu miaka ya 1950, waliofanya kazi katika kiwanda cha mpira na viwanda vingine vya jirani, na penye ndugu ndipo penye pa kulala. Mwongozaji filamu Gurinder Chadha ni mmoja wa watoto wa msafara huo: alizaliwa Nairobi mwaka 1960 na kukulia Southall. Walioiona filamu yake ya *Bend It Like Beckham* ya mwaka 2002 watamkumbuka yule baba aliyecheza kriketi Nairobi, kisha akakataliwa na klabu za Waingereza.

Wala wasiopendwa kule hawakupendwa hapa mara moja. Juni 1976 kijana wa miaka 18, Gurdip Singh Chaggar, alichomwa kisu barabarani akafa. Tarehe 23 Aprili 1979, wakazi walipoandamana kupinga mkutano wa chama cha wabaguzi katika ukumbi wa mji, mwalimu Blair Peach alipigwa kichwani, kipigo kilichomuua. Ripoti ya uchunguzi wa polisi wenyewe, iliyotolewa hadharani mwaka 2010, ilikubali kwamba yaelekea aliyempiga ni askari. Tuliyaeleza haya tukiwa bado njiani, kwa sababu mtu akiingia Southall bila kuyajua ataona vitambaa vya kung'aa na vitumbua vya sukari tu, na atadhani mji huu ulipatikana bure.

Kiatu nje, kichwa kimefunikwa

Tuliacha mfereji baada ya malango mawili ya Norwood na mwendo wa kama nusu saa zaidi, tukatokea kwenye barabara ya Havelock. Havelock alikuwa jenerali wa Kiingereza aliyesifiwa kwao kwa kuzima uasi wa Wahindi wa mwaka 1857. Sehemu ya barabara hiyo sasa imepewa jina la Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masingasinga. Hapo ndipo lilipo hekalu la Sri Guru Singh Sabha, lililofunguliwa mwaka 2003, lenye kuba la dhahabu linaloonekana toka mbali.

Mgeni wa dini yoyote huingia. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa ulichokuja nacho au unachopewa mlangoni, unanawa mikono. Katika ukumbi wa chini hutolewa chakula kiitwacho langar kwa kila anayekuja, bila malipo na bila kuulizwa wewe nani. Kinapikwa na kugawiwa na watu wanaojitolea, na hakina nyama, ili asiwepo wa kukikataa. Tulikaa chini safu moja na bibi, wanafunzi wa shule na mafundi wenye nguo za kazi. Tulipewa dengu, chapati, wali na mtindi. Anayegawa hupita tena na tena, na usipofunika sahani kwa mkono hujui utamaliza lini. Mgeni njoo mwenyeji apone ni methali yetu, lakini hapa mwenyeji alipona kwa kumlisha mgeni.

Sokoni

Tulipofika barabara ya King Street ilikuwa saa nane mchana. Southall ina sehemu mbili za kununulia vitu. Ya kusini ni King Street na vichochoro vyake, ambako maduka ni madogo na bei hupungua ukizungumza vizuri. Ya kaskazini ni Broadway, ng'ambo ya stesheni, stesheni ambayo bango lake limeandikwa kwa Kiingereza na Kipunjabi. Broadway ndiko kwenye dhahabu, sari, bangili, ngoma, na kelele. Wauza jalebi hukaanga barabarani, mahindi huchomwa na kupakwa ndimu na pilipili kama ya Mombasa, na miwa inakamuliwa ukiona. Ushauri wetu kwa watakaofuata: vyakula nunua kusini, macho yako yalishe kaskazini.

Katika duka mojawapo la upande wa kusini palikuwa na sanduku la mihogo mirefu iliyopakwa nta, na juu yake kibao kimeandikwa kwa mkono: MOGO. Mwenzetu Mwingereza, aliye mwaka wa pili wa Kiswahili, akamwuliza kijana muuzaji neno hilo ni la lugha gani. Kijana akajibu bila kusita kwamba ni la Kihindi. Hakuwa anadanganya, ndivyo lilivyo kwao nyumbani. Sisi tukaendelea kuchagua. Mmoja akasema, "Huu umekaa sana, shika ule mwingine."

Sauti ikatoka nyuma ya mzani: "Hapana kaa sana. Nakuja jana."

Alikuwa mama mzee mwenye shali, ameketi kwenye kiti cha plastiki. Tukageuka wote sita. "Shikamoo, mama," tukasema. Akacheka mpaka akashika kifua. "Marahaba, marahaba!" Neno hilo, alituambia, kwao Nairobi halikuwa la kila siku. Alikuwa akilisikia Mombasa walipokwenda likizo.

Alizaliwa Nairobi. Baba yake alikuwa seremala katika karakana ya reli. Waliondoka Februari 1968, wiki chache kabla ya mlango wa Uingereza kufungwa, naye akiwa na miaka 17. Alituruhusu tuandike maneno yake, jina lake akalizuia, nasi tumelizuia.

Tulimwomba atutajie maneno ya Kiswahili ambayo nyumbani kwake bado yanatumika. Akahesabu kwa vidole huku kijana wake akimtazama kwa mshangao, maana mengi alikuwa akiyatumia tangu utoto bila kujua yametoka wapi. Sufuria. Kisu. Fagio. Bakuli. Mogo. Jugu, yaani njugu. Matoke. Kuni. Makaa. Maji moto. Dudu. Halafu vitenzi: lete, weka, ngoja, funga, pika, haraka.

"Jikoni tu, beta," akasema. "Mimi hapana jua Kiswahili ya shairi."

Wahadhiri wetu wataona mara moja sarufi ya Kiswahili hicho: ukanushi wote unabebwa na "hapana", kitenzi hakina kiambishi cha nafsi, nyakati zote zimemezwa na "na", na ngeli zimebaki moja. Katika karatasi ya mtihani, kingerudi chekundu kwa wino. Lakini mama yule hakuwa akikosea kiholela. Kwa robo saa nzima aliyosema nasi, "hapana" haikutoka mahali pake hata mara moja. Lugha yenye utaratibu ni lugha, hata ikiwa ni ndogo kama jiko.

Kisha tukamwuliza alijifunza kwa nani. Akataja jina la mwanamume mmoja, mpishi aliyewalea yeye na ndugu zake kwa miaka kumi na mmoja. Tukamwuliza mpishi huyo alikuwa mtu wa wapi. Akanyamaza. Akapanga mihogo yetu kwenye mzani, akaitoa, akaipanga tena.

"Jina yake nakumbuka," akasema. "Nyumbani yake iko wapi, hapana jua. Hapana uliza."

Maneno ya fedha, maneno ya jiko

Tulikwenda kula jalebi katika bustani ya Southall Park, tukabishana. Wawili wetu walisema Kiswahili hicho hakifai kusherehekewa. Ni lugha ya amri, walisema: lete, weka, haraka. Ni masalia ya nyumba ambamo mtu mmoja alikaa mezani na mwingine akasimama mlangoni. Ukiiandika kwenye jarida kwa kicheko, unamcheka yule aliyesimama.

Wengine tulisema kwamba hiyo hasa ndiyo sababu ya kuiandika. Tazameni, tulisema, maneno yaliyokuja upande wa pili, kutoka lugha za India kuingia Kiswahili. Yapo ya vyakula, kama chapati, achari na iliki. Lakini yapo pia pesa, laki, rupia, hundi, bima, bepari, gunia. Sisi tulipokea maneno ya kuhesabu fedha na kufunga mizigo. Wao walipokea maneno ya kuosha vyombo na kuwasha moto. Hakuna mwanahistoria aliyekaa kupanga mgawanyo huo. Uliandikwa na maisha ya kila siku, mahali watu walipokutana: wao dukani nyuma ya kaunta, sisi mbele yake, na jikoni kinyume chake. Ukiziweka orodha mbili kando kwa kando, unasoma historia ambayo hakuna upande unaopenda kuisimulia kwa sauti.

Ndipo akasema mwenzetu ambaye muda wote alikuwa kimya. Nyanya yake, alisema, alifanya kazi katika nyumba ya Wahindi mtaa wa Parklands, Nairobi, kwa zaidi ya miaka ishirini. Akiwa nyumbani kijijini, alipowakasirikia wajukuu alisema "jaldi, jaldi", na maji aliyaita "pani" akiwa na usingizi. Watoto walimcheka. Hakuna aliyemwuliza maneno hayo yalitoka nyumba gani, wala mama wa nyumba hiyo alikuwa nani, wala walipoondoka alibaki na nini. Amekwisha kufa.

Basi "hapana uliza" haikuwa ya mama mmoja wa Southall. Pande zote mbili hazikuuliza. Tajiri hakuuliza kwa kuwa hakuona haja. Mtumishi hakuuliza kwa kuwa hakuwa na ruhusa. Na wajukuu wa wote wawili hawakuuliza kwa kuwa walidhani ni mzaha. Mabishano yetu yakaishia hapo, si kwa sababu tulikubaliana kila kitu, bali kwa sababu tuliona kazi iliyoko mbele ni ile ile, uwe unakipenda Kiswahili hicho au kinakuchoma.

Kazi hiyo ina saa yake. Aliyeondoka Kenya mwaka 1968 akiwa na miaka 17 amezaliwa mwaka 1950 au 1951. Aliyefukuzwa Uganda mwaka 1972 akiwa mtu mzima leo amepita miaka sabini. Wajukuu wao watabaki na "mogo", kwa sababu mogo unauzwa. Neno lenye bei halifi. Lakini "ngoja", "makaa", "dudu" na jina la mpishi vitakwenda na wao. Muhogo wenyewe ni mfano mzuri: mmea wa Amerika ya Kusini, ulioletwa Afrika na Wareno, ukapata jina pwani yetu, jina likafupishwa na midomo ya Wahindi, likapanda ndege hadi London, na sasa kijana wa dukani anaapa kuwa ni la kwao. Amepata haki ya kusema hivyo. Tunachoomba ni njia lililopitia iandikwe.

Tunayopendekeza

Tunaiomba kamati ya chama ikubali mambo matatu. Kwanza, matembezi ya Hanwell hadi Southall yawe safari ya chama kila mwaka, mwanzoni mwa muhula au mwishoni mwa likizo. Njia haina mpando wa kuogopesha, anayetembea kwa kutazama huimaliza kwa saa mbili na nusu au tatu, na gharama yake ni tiketi ya treni. Viatu viwe vya kufunga, kwa kuwa kando ya mfereji mvua ikinyesha huwa tope.

Pili, tuwe na daftari la maneno. Kila mwanachama aliye na jirani, mfanyabiashara au rafiki wa asili ya Kiasia aliyetoka Afrika Mashariki aulize maswali manne tu: neno gani, linatumika lini, ulilisikia kwa nani, na huyo aliyekufundisha alikuwa mtu wa wapi. La nne lisirukwe, hata kama jibu ni kimya. Kimya nacho kiandikwe. Ruhusa iombwe kwanza, na majina ya watu yasitoke bila idhini yao.

Tatu, wanachama wenye nyanya na babu waliofanya kazi katika nyumba na maduka ya Wahindi huko nyumbani wawaulize maswali hayo hayo kwa simu, wakati simu bado inapokelewa. Daftari lenye upande mmoja litakuwa jiko lenye jiwe moja, na sufuria haikai.

Kuhusu manunuzi: tulirudi na kilo 14 za muhogo, ndizi za matoke, bamia, mbaazi, ukwaju, pakiti mbili za unga mweupe wa mahindi na chupa ya achari ya maembe. Chenji ilikuwa pauni tatu na senti kadhaa, na mweka hazina amekwisha pokea risiti. Ndani ya basi mzigo ulitoa harufu ya udongo mbichi mpaka tukafika. Muhogo umemenywa, umekatwa na uko kwenye friza ya jikoni la ghorofa ya pili, umewekewa karatasi juu. Mwenzetu mmoja alikuwa ameandika MUHOGO. Kuna aliyekuja baadaye akaongeza chini yake, kwa kalamu nyingine, MOGO. Tumeyaacha yote mawili.